Taa Yenye Haiyaonja Petroli

Jina langu mulifiche, juu bwana yangu naye anasomaka ukurasa huu wa gazeti. Niko mama wa miaka makumi tatu na munane, niko na batoto bane, tunakaa hapa Bukavu. Bwana anatumika mu biro. Hanipigake, hanywake pombe, hana bibi wa inje. Mateso yangu iko taa.

Anakusanyaka taa za pompe, zile za kujaza upepo mupaka soksi yake ya ndani inawaka nyeupe. Lakini hatakake yenye iliisha kuwaka. Anataka mupya, ingali mu katoni na karatasi zake. Alianza wakati inchi iligeuka Zaïre na bachuuzi bageni bakaanza kufunga maduka. Sasa zimejaa mu armoire ya nguo, nguo zetu ziko mu valizi chini ya kitanda. Courant ya umeme ikikatika, tunakula na mwangaza wa bougie, na taa zote zile ziko pale zinatuangalia.

Iko na sababu, sikatae. Alizaliwa mu camp ya bachimba zahabu kule Mwenga. Taa ya vile ilikuwa inawaka kwa baraza ya chef muzungu, na batoto ba camp bakikaribia mwangaza, banafukuzwa. Anasemaka hizi zake haziyamulikia mukubwa yeyote. Nikisikia hivyo, hasira inaniisha.

Shida iko taa moja kati ya hizo. Maman yangu wa kule kwetu Miti njo alituletea siku ya ndoa yetu, aliuza mbuzi zake juu yake. Bwana aliipenda kupita zote, akaifunga na kitambaa, akaiweka juu kabisa. Kwake ile iko heshima. Lakini kwetu, mutu akikuletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, unaionja mbele yake. Usipoonja, umemukataa.

Kila akitutembelea, maman alikuwa anauliza taa iko wapi. Nilikuwa ninamudanganya eti soksi ilipasuka. Mwaka huu alifungua armoire yeye mwenyewe, akaikuta vile aliileta. Hakugombana. Chakula njo alikataa, akasema alishakula njiani. Tangu pale hakulake kwetu, na mimi ninaumia sana.

Sasa macho yake inaenda. Jicho moja limefunikwa, lingine linaona kivuli tu. Atakuja kwa komunyo ya mutoto wangu wa mwisho. Alinitumia neno: "Nione inawaka mu nyumba yako, njo nitajua mulinipokea. Macho ikiisha, mutakuwa munaniwashia nini?"

Nilimuelezea bwana yote. Alipakata ile katoni sawa mutoto muchanga. Akasema: "Ikiwaka mara moja, haitarudia kuwa ile. Siku utaiwasha, uende nayo kwenu." Na yeye hasemake maneno ya bure.

Petroli nimeshanunua, chupa iko nyuma ya gunia ya makala ya kupikia. Badada, bamama bakubwa, musiniambie eti niongee naye tena, tumeshaongea mupaka mate imekauka. Maman anafika siku ya yenga, ile ya misa. Nitie moto, ndoa yangu ivunjike? Ao niache, mama yangu apofuke akijua nilimukataa? Muniambie, mimi nifanye aje?