Amade, temporada mpya imefunguka

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Jamani, akili yangu bado haijakubali, kwa hiyo mkiona naandika ovyo mnisamehe.

Amade wetu, fundi wa mota za boti hapa Palma, kapteni wa squad yetu, tumemzika juzi. Homa ilimkamata akiwa kisiwani Rongui kutengeneza mota ya watu. Alipofikishwa hospitali alikuwa hamtambui mtu, hata mama yake.

Wengi humu mlimjua kwa mota. Mimi nilimjua kwa simu. Tulikuwa tunacheza lile game la watu kushushwa na ndege kisiwani, mnaokota silaha, mnapigana mpaka ibaki squad moja.

Tulikuwa wanne: yeye, mimi Sumai, dada yake Anchia, na Nélio wa administração, ofisi ya serikali ya wilaya, aliyeletwa kikazi kutoka Nampula hajui Kiswahili hata cha salamu.

Kiswahili chote cha Nélio kimetoka kwa Amade, ndani ya game. Mpaka leo "lala chini!" anaisema vizuri kuliko "umeamkaje".

Majina ya kwenye ramani Amade aliyakataa. "Nani anayakumbuka hayo, pá?" Visiwa viwili vidogo akaviita Macaloe na Rongui, kama vya kwetu. Kona ya milimani akaiita Pundanhar, kama kijiji chetu cha bara, maana ukishaingia huko kutoka ni shughuli.

Siku moja Nélio hakuwepo, tukapangiwa Mbrazili. Maskini anaambiwa kimbilia Rongui, anamiminiwa risasi huku analia, "Rongui fica onde?", yaani iko wapi. Amade akamjibu kwa utulivu kabisa: karibu na Macaloe.

Hahaha. Nimeandika hahaha lakini sicheki.

Temporada ikibadilika, yaani game likiingia msimu mpya na silaha zikabadilishwa, wenzetu wote wanakimbilia ranked, mechi za kugombea daraja. Yeye hapana. Siku ya update anatupeleka uwanja wa mazoezi, kila mtu apige ukuta kwa kila bunduki mpaka megas za intaneti zinakaribia kuisha.

Tukinung'unika anasema, "Ukifungua mota ukaifunga, huendi nayo kisiwani Vamizi kabla hujaijaribu hapa ufukweni."

Mimi nilikuwa na sniper yangu. Wenye game wakaipunguza nguvu, mimi bado nimeikumbatia, tunakufa kila mechi. Amade akasema, "Sumai, hiyo bunduki si mkeo. Na hata ingekuwa mkeo, imeshakuacha."

Temporada ambayo zone ilianza kukimbia, lile duara la usalama linasinyaa hata hujavuta pumzi, akatuamuru tupunguze risasi tubebe dawa. Walipoleta ngao, Anchia aliyekuwa wa kutuuguza akamtoa nyuma, akamfanya wa kuingia mlangoni kwanza. Nélio akalalamika sana. Anchia akasafisha nyumba nzima peke yake, Nélio akamfuata nyuma.

Na vile vidole vyake vya grisi! Skrini inakataa, adui yuko mbele, yeye anapangusa dole gumba kwenye nguo aliyovaa. Mama yake anapiga kelele kutoka jikoni, "Amade! Kanzu ya Ijumaa hiyo!"

Sasa nawaambia jambo la matangani. Tumekaa mkekani, watu wanasoma, simu yangu ikatetemeka. Temporada mpya. Mkono ukafungua wenyewe. Nikasoma mabadiliko yote pale pale, halafu nikamwandikia Amade kama siku zote: "Shotgun yako wameiua. Tunabeba nini?"

Nikatuma. Wallahi nilituma.

Simu yake ikalia ndani, kwa wanawake. Anchia akatoka nayo mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Kaka Sumai, nimesoma. Na mie sijui tunabeba nini."

Watu wananisifu eti nimejikaza. Sijajikaza. Sisikii kitu, kama jino lililopigwa sindano ya ganzi. Wali wa matanga nimekula, sijui hata kama ulikuwa na chumvi.

Nélio alitaka tuivunje squad. "Mano, bila yeye acabou, kwisha, basi." Anchia akakataa. "Kaka yangu kila temporada alitwambia tugeuke nayo. Hii ndo tukatae?"

Kwa hiyo jana baada ya alasiri tuliingia, watatu. Nafasi ya nne tukaiacha wazi. Uwanja wa mazoezi hatukwenda, hakuna aliyekumbuka.

Ndege ikapaa. Kila siku ni Amade aliyesema turuke wapi. Ikavuka mji, ikavuka visiwa. Mic ziko wazi, namsikia Anchia anapumua.

Hakuna aliyeruka. Ndege ikafika mwisho wa ramani, game lenyewe likatutupa nje, mahali hapana hata kisu. Zone ikatukuta tunatembea mikono mitupu, tukafa wote watatu bila kumwona adui.

Nélio akasema polepole, kwa Kiswahili chake kile kile ulichompa wewe, Amade, "Mimi nangoja Amade sema."

"Na mie," Anchia akasema.

Na mimi pia, ndugu yangu. Nilikuwa nakungoja.

Leo wamenichagua mimi niwe wa kusema. Naogopa. Sina jicho lako, nitawashusha pabaya, watakufa kwa makosa yangu na hutakuwepo kunicheka. Lakini wale wawili hawatakaa tena ndegeni wanasikilizana wakipumua.

Allah akuthibitishe kwa kauli thabiti na akupanulie kaburi lako. Mama yako tunaye, usiwe na shaka.

Lala, kapteni. Leo turuke wapi, nitasema mimi.