Nilivyoandika jina la malisho kwenye anwani ya Mzee Luhende

Wakuu, habari za jioni. Hili sijawahi kulileta hapa na sitaongeza chumvi. Anayetaka kubisha abishe, ila mimi nilikuwepo.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini, Mpanda. Bado tuko mkoa wa Rukwa. Ukiona simu ya mezani, ujue umeingia ofisi ya mkubwa.

Ukaja mradi na dishi la satelaiti. Walitaka kujaribu kupiga simu kwa intaneti. Vituo vitatu: ofisi ya mjini yenye seva, Misunkumilo na Sitalike. Kila kituo kompyuta moja, spika na maiki. Mimi ndiyo nimetoka chuo, mtoto wa mwenye duka Makanyagio, najiona fundi wa mkoa mzima.

Kazi yangu ilikuwa kutunga anwani za kupigia. Mtu yuko mtandao wa nje, domeni nyingine kabisa. Aandike nini ili simu ivuke hadi kwetu na imfikie mtu mmoja anayemtaka?

Baada ya ile @ linakaa jina la domeni yetu, hilo halina ubishi. Ugomvi uko kabla ya @.

Nikaamua: jina la kituo, nukta, jina la mtu. Ukisoma tu unajua mtu anakaa wapi. Nikajipongeza na soda.

(Mzaliwa wa dukani huyo. Kwetu hata kaunta haijawahi kuhama.)

Wa kwanza kuandikishwa alikuwa Mzee Luhende, Msukuma, mfugaji wa Misunkumilo. Nilimfahamu kwa sababu barua zake zilipitia sanduku la posta la duka letu. Mwanaye Shija alikuwa anasoma Uswidi, mwaka wa tatu hajarudi.

Mama yake Shija alikuwa amefariki siku chache kabla. Mzee akakataa katakata Shija aandikiwe.

"Msiba wa mama yake siuweki kwenye karatasi. Atausikia kwangu mimi, kwa sauti yangu. Nyie nitafutieni hiyo simu tu."

Nikamtumia Shija barua pepe: Jumamosi saa nane mchana za huku, mpigie baba kwa anwani hii. Sikusema kingine. Mzee naye nikamwambia tu awe kituoni siku hiyo.

Jumamosi niko mjini kwenye seva. Simu ikaingia kutoka Uswidi, ikavuka, ikaenda Misunkumilo. Ikaita weee. Kimya. Shija akajaribu mara tano, akaacha.

Nikasema moyoni, mzee kachelewa, watu wa ng'ombe hawana saa. Naona aibu kuiandika hiyo sentensi.

Jumatatu nikadandia lori kwenda Sitalike kukagua kituo. Namkuta Mzee Luhende kwenye benchi la nje.

Kumbe kiangazi kilikuwa kimekausha maji Misunkumilo, akahamishia ng'ombe upande huu. Jumamosi alikwenda kituo cha karibu naye, akakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mpaka wanafunga. Sasa amerudi kuuliza kama mtoto hakupiga.

Nikamweleza kitaalamu kabisa. Anwani yake imeandikwa Misunkumilo, kwa hiyo simu ilikwenda Misunkumilo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, ng'ombe wangu umeiona alama yao?"

"Nimeiona, Mzee." Ni ile chapa ya moto pajani.

"Ile inasema ni wa Luhende. Haisemi anakula wapi. Ningeandika jina la malisho, si ningemchoma upya kila kiangazi? Anakula wapi, hiyo unamuuliza anayemchunga."

Nilirudi mjini nimenywea.

Nikavunja mpangilio wote. Kabla ya @ nikaacha jina la mtu na la ukoo wake, basi. Kwenye seva nikaweka orodha ya pembeni: fulani leo yuko kituo gani. Akihama anamwambia mhudumu wa kituo, orodha inabadilika, anwani inabaki ileile. Mtu wa domeni ya nje hana haja ya kujua ng'ombe wamehamia wapi.

Nikamtumia Shija anwani mpya. Jumamosi iliyofuata simu ikatua Sitalike, nami nipo. Sauti inakatikakatika. Shija akamwamkia baba yake, kisha akauliza, "Mama yupo hapo karibu?"

Mzee akaishika maiki kwa mikono miwili. Mimi nikatoka nje.

Nikajua mambo yameisha.

Wiki tatu baadaye ikaingia barua ya Uswidi kwenye sanduku la duka. Jina juu ya bahasha ni la marehemu, mama yake Shija. Tarehe ya mhuri ilikuwa ya katikati ya zile Jumamosi mbili. Nikampelekea Mzee. Hakujua kusoma, akaniomba nimsomee.

"Mama, nilipiga mara tano hamkupokea. Najua mmehama na ng'ombe. Nikipiga tena, nataka uanze wewe kuongea kabla ya baba."

Mzee akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nimetengeneza mifumo mingi tangu hapo. Nilichobaki nacho ni hiki: anwani iseme mtu ni nani, alipo aseme mwenyewe. Na kabla ya kuchora chochote, nenda kawaulize watakaokitumia wanaishije.

Lakini kuna kitu kinanisumbua mpaka leo. Kwa kosa langu, Shija alikaa wiki nzima zaidi akiwa bado ana mama, akamwandikia barua. Sijui nilimwibia wiki ile au nilimpa.

Nyie wenzangu mnaonaje?