Ua Moja la Kudarizi Mbele ya Mkwe

Kudarizi ni kupamba kitambaa kwa sindano na nyuzi za rangi. Darizi haishikizi kitu. Kazi yake ni kupendeza tu. Naeleza hili mapema kwa sababu kwetu Mkata msichana akichumbiwa hutazamiwa aende kwa mume na mashuka aliyoyadarizi kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nayo sita. Yote aliyadarizi shangazi yangu, mimi nilimtungia uzi.

Mama wa mchumba wangu akaja kutoka Kerenge kuyaona. Akayageuza moja moja upande wa nyuma, kama anayekagua mahindi ya mbegu. Kisha akanipa la sita, lililobakiza ua moja.

"Malizia hapa nikuone, mwanangu."

Nilimpenda mno kijana wake, na sasa ndoa yangu ilikuwa kwenye ncha ya sindano. Nikatandaza shuka mapajani, nikashona kwa hasira, nikikaza uzi kama nafunga gunia. Ua likatokea. Lilifanana na yai lililopasuka, lakini lilikuwa ua.

Nikamkabidhi shuka. Akalivuta, na kanga yangu ikafuata.

"Mama, usivute."

"Kwa nini nisivute?"

"Utanivua."

Nilikuwa nimelishona shuka pamoja na kanga niliyojifunga. Shangazi akachukua mkasi. Mama mkwe akakataa: shuka la harusi halikatwi kabla ya harusi. Basi ikatwe kanga, akasema. Shangazi naye akakataa: kanga ilikuwa yake, aliniazima, na ilikuwa mpya. Wakabishana juu ya kichwa changu, mimi nimeinama katikati, nikaanza kulia.

"Haya matano aliyadarizi nani?" mama mkwe akauliza ghafla.

"Shangazi," nikasema. Shangazi akatazama dari.

Mama mkwe akavua kanga yake ya begani, akanifunga kiunoni. Akaifungua ile nyingine kwa chini, akaikunja pamoja na shuka lililoshonwa nayo.

"Matano mrudishie mwenyewe," akasema. "Hili ndilo lako, hili ndilo tutakalolipokea."

Niliolewa nikiwa na shuka moja lenye kanga mgongoni. Hadi leo akija kututembelea hukubali kutandikiwa hilo tu, ingawa anasema linamkwaruza. Shangazi hajanisamehe kwa kanga yake. Ile ya mama mkwe niliyofungwa siku ile ninayo, na mwenyewe hajawahi kuiulizia.