Gobore Lililozibwa kwa Pamba

Nakumbuka asubuhi moja kule Shishiyu, nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa na kichwa kikubwa, nimesimama mlangoni na gobore la baba begani, nasubiri watu wapite wanione. Lakini kabla sijafika huko, mwanangu, hebu tazama hiki ulichonifanyia. Nimelazwa Bariadi wiki mbili, nikakuomba jambo moja tu: nimelifyatua gobore, sijaliosha, lioshe. Nimerudi nakuta nje umelipaka mafuta ya alizeti mpaka linateleza. Nimeingiza kitambaa ndani, kimetoka na rangi ya kichuguu, kutu tupu. Nimechoka kusema, kweli nimechoka, ila nitasema tena. Kaa chini.

Baba alikuwa amekwenda kumwona ndugu yake kule Nassa, boma akaniachia mimi. Alfajiri fisi akaja zizini, nikafyatua mara moja, akakimbia. Basi! Siku nzima nikawa mtu mkubwa. Nililifuta gobore kwa shati langu, nje tu, mpaka chuma kikang'aa. Halafu nikawaza, nisije nikaacha wadudu wakaingia kwenye mtutu. Tulikuwa tumeanza kuchuma pamba, na mvua za mwisho zilikuwa bado zinadondoka. Nikachukua pamba ya shambani, ina umande bado, nikaishindilia mdomoni mwa mtutu, nikalilaza gobore juu ya marobota. Niliona nimefanya akili sana. Hata wewe na alizeti yako hujafika ujinga ule, ingawa unakaribia.

Sasa sikiliza. Baruti ikiungua inaacha uchafu mweusi, na uchafu ule unavuta maji hata hewani, kama chumvi inavyolowana jikoni wakati wa masika. Na gobore letu ni chuma cheupe, halikupakwa ile dawa nyeusi ya kiwandani. Liko uchi. Mimi nililifungia uchafu ndani na pamba mbichi juu yake.

Siku ya sita, jioni, jua halijazama, fisi wakarudi wawili. Nikachomoa pamba, nikashindilia baruti na risasi, nikalenga. Fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, ikalia peke yake, risasi haikutoka. Nikaweka nyingine, ikalia hivyo hivyo. Kitundu cha kupitishia moto kilikuwa kimezibwa na kutu. Nikabaki nimeshika chuma, nawapigia kelele, na mbele ya macho yangu wakamwangusha Kabula.

Kabula ndiye ng'ombe pekee aliyekuwa anakamuliwa pale nyumbani. Mdogo wangu alikuwa na miezi mitatu, na mama alikuwa mgonjwa, maziwa yake yamekauka. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa anaishi kwa maziwa ya Kabula.

Baba aliporudi nilijua nitachapwa. Hakunigusa. Alitoa risasi na baruti yote kwanza, akaingiza kidole kwenye mtutu, akakinusa, akanionyesha. Akaniambia, "Chemsha maji."

Tukaosha pamoja, sufuria baada ya sufuria, mpaka maji yakatoka meupe. Alipomaliza akasema neno moja tu: "Ulisafisha pale watu wanapoona."

Kisha kila asubuhi, msimu mzima, nikamwona mama, na ugonjwa wake ule, anapita mbele yangu na kibuyu kwenda kuomba maziwa kwa jirani. Hakuwahi kunisema. Afadhali angenisema, mwanangu. Mtoto alipona, tunashukuru, ndiye shangazi yako wa Mkula anayekuletea dagaa. Ungekuwa humjui leo kwa sababu ya kukosekana kitambaa na maji ya moto.

Kwa hiyo usiniambie ulikuwa na shughuli. Ukifyatua, lioshe siku hiyo hiyo. Kwanza hakikisha halina kitu ndani. Maji ya moto sana, ili chuma kipate joto kikauke chenyewe, kisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi. Kitundu cha moto kichokoe kwa sindano. Halafu mafuta ya cherehani, kidogo, ndani na nje. Alizeti irudishe jikoni, inaganda. Usilizibe, usilifunge kwenye nailoni. Na masika, kila wiki lichungulie, hata kama hujalifyatua.

Sasa shika fimbo ya kusafishia, isukume pole pole. Umesikia ilipokwaruza, karibu na mwisho? Hiyo alama ya kutu siyo yako. Ni yangu, ya ile pamba. Nimeosha miaka hamsini, haijatoka.

Mungu akupe mikono mizuri, mwanangu, na akuepushe na mkwaruzo wa kwako. Haya, nenda kachemshe maji.