Moshi Chini ya Udi

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipowekwa ndani kuandaliwa harusi, hapa hapa Bagamoyo, kabla Wadachi, hao Wajerumani, hawajapandisha bendera yao. Siku arubaini bila kuona jua, kila asubuhi nisingwe kwa liwa, unga wa mti wa manukato uliokorogwa na mafuta, mpaka ngozi iteleze. Kazi hiyo alipewa somo wangu, mwanamke mwenye mdomo mkali aliyefunda nusu ya maharusi wa mji.

Nami nilikuwa na siri. Nilikuwa navuta sigara. Nilianza na za kaka yangu, alizoleta kutoka Unguja, na sasa mwaka wa nne ulikuwa umetimia. Mle ndani nilizificha kwenye mto. Nikimaliza moja, natupa udi tele kwenye chetezo. Mama akipita mlangoni anasema, "Mwanangu anavyopenda udi, mumewe ana bahati." Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Siku ya kumi akaja shangazi wa bwana harusi kunitazama. Akafunua kisutu nilichojitanda, akaguna. Uso wangu umepauka kama majivu, midomo myeusi, na vikunjo pembeni mwa mdomo.

"Tuliambiwa tunaoa msichana," akamwambia mama. "Huyu si rika lako? Siku ya kumtoa nje nitakuja na wanawake wa ukoo wote. Nikimkuta hivi, narudi na kijana wangu."

Mama alilia. Akailaumu liwa, akaagiza nyingine. Akasema ni jicho la watu. Somo alinishika mkono, akasugua liwa ya kidoleni kwa ndimu, na chini yake pakatokea umanjano usiotoka. Akaninusa nywele.

"Jicho la nani? Huyu anajifukiza mwenyewe!"

Akauchana mto, sigara zote zikaenda chooni. Loo, nilimchukia! Wiki ile sikulala vizuri, nilitetemeka, nilimtukana, Mungu anisamehe. Yeye ananitia karafuu mdomoni tu, anasinga, ananinywesha maji. "Tukana, mwanangu. Mdomo ukitukana hauvuti."

Kiasi cha siku ya ishirini na tano nikaona mafuta yanaingia mwilini, hayabaki juu tena. Mashavu yakarudisha damu. Vikunjo havikuisha vyote, sitawadanganya, lakini ilikuwa ngozi yangu mwenyewe, nami nikailinda kwa wivu.

Siku ya kutolewa shangazi alikuja kweli, na jeshi lake. Akafunua kisutu. Akapitisha kiganja shavuni mwangu mara moja, akarudia. Kisha akapiga kigelegele yeye wa kwanza, na nyumba nzima ikapokea! Nilikaa juu ya kigoda najiona sultani.

Vigelegele vilipotulia, shangazi akamvuta somo pembeni, nikamsikia akimbembeleza. "Niambie, dada, kwenye ile liwa ulitia nini?"

"Sikutia kitu," somo akasema. "Nilitoa."