Ukurasa Uliomnyamazia Baba

Kisasi changu kilianza na gunia. Baba alirudi nalo nyumbani likiwa limekunjwa vilevile mama alivyolikunja asubuhi, akaliweka juu ya kinu, akaomba maji. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Manyoni, na kila mwenye shamba kijijini kwetu, si mbali na Mungaa, alikuwa akienda kwenye chama cha ushirika kuchukua mbegu za alizeti. Baba naye alikwenda. Alikuwa na kadi yake ya uanachama, ile ya karatasi ngumu ya zamani, ameifunga kwenye nailoni isilowe jasho. Karani akachapa namba ya kadi kwenye kompyuta, akatazama, akachapa tena, kisha akamrudishia kadi.

"Mzee, haupo kwenye mfumo."

"Sipo vipi? Mimi nilibeba mawe ya ghala hili unalokalia."

"Mfumo haukutambui, mzee. Kaa pembeni, wenzako wapite."

Akakaa pembeni. Baba yangu, ambaye kwenye mikutano ya chama hicho ndiye aliyekuwa akiombwa kufungua kwa sala, alikaa pembeni hadi mbegu zikaisha, halafu akatembea kurudi nyumbani. Hayo aliyasimulia mwenyewe, akitazama chini. Nilikuwa likizo, nimekaa pale pale jikoni, na nilishikwa na hasira mpaka nikashindwa kumalizia kumenya viazi.

Msimu ule alipanda mbegu za akiba, zikatoa alizeti fupi zenye vichwa kama visosi. Lakini shamba halikuwa jambo lenyewe. Kijijini kwetu utani hauna likizo. Kufikia Jumapili baba alikuwa ameshapewa jina: Mzee Hayupo. Mnadani wakimwona wanapiga kelele, "Jamani, leo Hayupo yupo!" Mara ya kwanza alicheka nao, mara ya pili pia. Kisha akaacha kwenda mnadani, halafu akaacha mikutano ya chama, akawa anashinda nyumbani akichonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeiagiza. Kila nilipokuja likizo nilimkuta amepungua kidogo.

"Wewe si ndiyo umesomea hayo makompyuta?" aliniambia siku moja. "Aliyenifuta, siku ukimjua, usimsamehe."

"Sitamsamehe, baba."

Alikuwa ameongea na mtu sahihi. Nilipokuwa sekondari kuna msichana alinivunjia rula, nikamnunia hadi tukamaliza kidato cha nne. Kama kwa rula nilimudu miaka mitatu, kwa baba yangu ningemudu maisha yote.

Nilingoja miaka miwili. Wakati huo nilikuwa natengeneza mifumo ya kompyuta pale Singida mjini, kwa shule, maduka na yeyote aliyehitaji. Asubuhi moja mwenyekiti wa chama akanipigia: mfumo wao unawasumbua, wanachama wengi hawaonekani, wamesikia mimi ni binti wa pale pale, je, naweza kuja kuutazama? Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Karani alikuwa yule yule, mtu wa rika la wajomba zangu, na hapo ndipo kisasi kinapokuwa kigumu kwa mtu aliyelelewa kwetu. Kila asubuhi ilinibidi nimwamkie. "Shikamoo," nasema, meno yamebana. "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" anajibu, mpole kabisa, kama vile hajawahi kumweka mtu pembeni maishani mwake. Upole ule uliniudhi kuliko ambavyo jeuri ingeniudhi.

Siku mbili za kwanza sikugusa kompyuta yake. Nilikaa kwenye benchi ndani ya ofisi na daftari langu, nikisema nasoma utaratibu wa kazi. Akaja bibi mmoja na kadi ya zamani kama ya baba. Karani akachapa, akatazama, "Mama, haupo kwenye mfumo, kaa pembeni." Baadaye wakaja wengine wawili, wazee vilevile, wakaambiwa vilevile. Na nyuma ya kiti chake, kabatini, lilikuwepo daftari la kwanza la chama, lenye majina ya waanzilishi wote kwa wino, na juu ya daftari hilo alikuwa ameweka chupa yake ya chai. Hakugeuka hata mara moja. Nikaandika siku, saa, nani kaja na kaambiwa nini, kama askari wa barabarani aliyekutana na gari lisilo na bima.

Sasa nikamtaka na yule mwingine: aliyeutengeneza mfumo. Maana nilitazama kwa macho yangu kile karani alichokuwa akikiona, na kilikuwa ukurasa mweupe. Haukuandika kosa wala onyo, hata samahani. Siku ya tatu nikafungua faili la ukurasa ule, matusi nikiwa nimeshayaandaa.

Kazi ya ukurasa wa kumtafuta mwanachama ni ndogo. Unachukua namba, unaiuliza kanzidata, yaani ghala la taarifa, na kanzidata inaleta jibu. Lakini jibu linakuja ndani ya chombo. Nikikutuma ghalani na debe, ukakuta ghala halina kitu, utarudi na debe lile lile, tupu. Aliyeandika ukurasa ule aliuliza swali moja tu: debe limerudi? Limerudi. Basi akaanza kumimina kwa furaha, mstari mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa ndani hamkuwa na mstari hata mmoja, hakumimina kitu, akafunga ukurasa akaenda zake. Hakuchungulia ndani. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hili lilikuwa tupu na halikuvuma.

Ingetosha mistari mitatu. Hesabu kilichorudi, kikiwa sifuri sema namba haijapatikana, mwambie karani atazame daftari la zamani. Kwa sababu nilikuja kugundua kwamba waliokuwa wakiingiza majina kwenye kompyuta walianza na daftari la pili. Waanzilishi hawakuingizwa kabisa. Maana halisi ya ukurasa mweupe ilikuwa "bado hatujamwandika", na karani akawa anawasomea wazee "haupo".

Nikawa nashuka kwenye faili, nikitafuta jina la fundi huyu niliongeze kwenye orodha yangu. Ndipo nikaona jina la debe.

Kwenye kazi yetu, chombo cha jibu unakipa jina unalotaka mwenyewe. Wengi hukiita tokeo, au hukipa herufi moja ya uvivu. Hiki kilikuwa kimepewa jina la ng'ombe wetu. Jina lenyewe sitalitaja, kwa kuwa nimejiwekea kutotaja majina ya watu wa nyumbani, na ng'ombe yule alikuwa mtu wa nyumbani. Pembe yake ya kushoto ilikuwa imevunjika. Baba alimuuza mwaka niliopata nafasi chuoni ili nikasome. Mwaka wa kwanza, nikiwa mpweke na nimekumbuka kwetu, kila chombo nilichotengeneza kwenye kompyuta nilikiita jina lake, ili angalau niwe nalichapa jina hilo.

Ukurasa ule niliuandika mimi. Ulikuwa zoezi la darasani, wa kutafutia vitabu vya maktaba. Mwenzangu mmoja aliniomba, nikampa kwenye flashi kwa sahani ya chipsi mayai na soda. Baadaye yeye akaanza kuwauzia watu mifumo, na huu akawa ameuleta mpaka kijijini kwetu, amebadilisha vitabu kuwa wanachama na rangi ya kichwa cha ukurasa. Jina la ng'ombe hakujisumbua kuligusa. Wala sikuweza kumwita mwizi, maana nilimpa kwa mkono wangu, na chipsi nikala.

Nilifunga laptopu. Nilitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Msidhani nilitubu. Nilirekebisha ukurasa, nikaandika ile mistari mitatu, halafu nikalifuta jina la ng'ombe kila lilipokuwa. Ushahidi ukaisha. Kisha nikamtengenezea karani kitu cha ziada: kila namba isiyopatikana inajiandika yenyewe pembeni, pamoja na saa na jina la aliyekuwa dirishani, na ukurasa hauendelei mbele mpaka aandike amefanya nini kumsaidia huyo mtu. Wenzangu wa kazi wataita huo uwajibikaji. Mimi moyoni nilikuwa nakiita kitanzi. Baba alikuwa ameomba asisamehewe mtu mmoja, na niliamua mtu huyo atakuwa karani.

Mkutano wa wanachama ukaitishwa. Nilisimama na daftari langu nikasoma, polepole, nikifurahia kila neno: siku fulani, saa fulani, bibi fulani, chupa ya chai juu ya daftari la waanzilishi. Watu wakaanza kunguruma. Mmoja akasema karani aondoke leo hii, asingoje kesho. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka miwili, na lilikuwa tamu.

Karani akasimama, kofia mkononi.

"La daftari ni kosa langu, sikatai," akasema. "Lakini naomba kuuliza. Binti, wewe ndiye mtaalamu. Ukurasa ule ulikuwa unaniambia nini mimi?"

"Haukuwa unasema kitu," nikajibu.

"Haukuwa unasema kitu." Akawageukia wanachama. "Sasa mimi ningejuaje?"

"Kwani aliyeutengeneza ni nani?" mwenyekiti akauliza.

Mle ndani hakuna aliyejua ila mimi. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisukuma, lakini haikuwa hivyo. Nilichukia kumwona yule mzee amepata hoja, nikachukia zaidi kwamba hoja ilikuwa ya kweli, na hasira yangu haijawahi kujua kukaa kimya.

"Ni mimi," nikasema.

Na nikishaanza huwa sisimami. Niliwaeleza debe, chipsi mayai, ng'ombe, hata pembe iliyovunjika. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Baba hakuwepo kwa sababu alikuwa ameshaacha kuhudhuria, na kwa hilo nikamshukuru Mungu, shukrani ya aibu.

Karani akabaki kazini. Alipewa barua ya onyo na akaamriwa aliingize daftari la waanzilishi lote kwa mkono wake. Mimi nikaamriwa kuweka namba yangu ya simu chini ya kila jibu tupu, ili asiyepatikana anipigie. Wazo hilo alilitoa karani, na alilitoa akitabasamu.

Tangu siku ile simu yangu haikupumzika. "Haloo, karani kasema nikupigie." Wasiopatikana niliwapokea, ndiyo makubaliano. Lakini akawa ananitumia na waliopatikana. Mmoja alitaka dawa ya mbuzi anayekohoa, mwingine alitaka kujua mvua itaanza lini. "Kasema wewe ndiye mwenye mfumo." Nilijua anafurahi kila anapomwelekeza mtu, maana mimi ningefanya vilevile.

Baba sikumwambia, na kwa kuwa alikuwa hatoki nyumbani, hakuwa amesikia. Nilikwenda nyumbani Jumapili mbili, nikamweleza karani alivyopewa barua, akafurahi, akaomba nirudie kusimulia.

"Na aliyeutengeneza mfumo?" akauliza.

"Bado namtafuta, baba," nikasema, nikakata tonge jingine.

Mwezi wa kumi na moja ukafika tena. Simu ikaita nikiwa naanza kazi, nikaona ni baba, na baba huwa hapigi asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niko hapa dirishani, kwa karani."

Nikasimama. "Umepatikana?"

"Nimepatikana. Kaniandika mwenyewe, kaligeuza lile dude lake nione. Mbegu nimeshapewa, ziko kwenye gunia." Nyuma yake nilisikia watu wakimtania, naye akiwajibu, sauti ile ya mikutanoni ambayo sikuwa nimeisikia miaka mitatu. "Kasema nikupigie nikuambie kwamba nipo."

Nikacheka. Karani huyu, nikawaza, leo nitamsamehe nusu.

"Na habari ya ng'ombe amenisimulia," akasema baba.

Nilisikia karani akikohoa karibu na simu, kikohozi cha mtu aliyeshiba. Nilitafuta neno. Nilitafuta pole, nikatafuta nisamehe, nikatafuta hata uongo mwingine, mdomo ukabaki wazi na hakikutoka kitu. Sekunde za simu zikawa zinakwenda.

"Haloo?" akasema baba. "Mbona kimya? Upo?"

"Nipo, baba," nikasema. "Ni mimi niliyeuandika."