Mita Kumi na Moja

Mabinti wa mzee Pettifer walizaliwa wakipishana dakika ishirini, Thelma akitangulia, Avril akimfuata. Mpaka walipofika umri wa miaka kumi na mmoja hakuna kitu kilichowahi kuwatenganisha, labda kitana cha mama yao tu, maana mama alikuwa na mikono miwili na vichwa vya kuchana vilikuwa viwili, na mmoja ilibidi angoje zamu yake. Baba yao alikuwa kwenye mashine za kiwanda cha karatasi hapo Wendlesham. Nyumba yao ilinuka gundi na nguo mbichi, na watoto hao walilala kitanda kimoja mpaka miguu ikawa inatoka nje ya blanketi.

Mwaka wa 1960 wakafanya ule mtihani uliokuwa ukifanywa na kila mtoto wa Uingereza aliyefikia umri wao, ili ijulikane ataendelea na shule ipi. Barua zilifika pamoja, asubuhi ya Jumamosi. Moja ilikuwa nene, nyingine nyembamba. Mama akafungua ile nene kwanza, na ndani yake mlikuwa na orodha ya sare: kofia, sketi, viatu vya ndani na viatu vya nje. Ilikuwa ya Thelma. Nyembamba hakuimaliza kuisoma. Aliikunja na kuitia kwenye mfuko wa aproni, akasema, "Avril, mwanangu, hebu katazame kama maziwa yamefika."

Avril alikwenda akasimama nje mlangoni. Maziwa yalikuwa yameshaingizwa ndani tangu alfajiri.

Baba yao alikuwa ameahidi baiskeli kwa atakayefaulu. Jumamosi iliyofuata alirudi na baiskeli mbili, moja kila mkono, jasho linamtoka. "Mwenye duka alikataa kuuza moja," alisema, na hakuna aliyemwamini. Thelma akaipanda yake mpaka shuleni. Ya Avril ilikaa bandani mpaka matairi yakapasuka.

Shule zilikuwa mbili, uzio mmoja katikati. Iliyokuwa mlimani watu waliiita Juu, na iliyokuwa bondeni waliiita Chini, na hata wenye kuuza samaki na viazi vya kukaanga waliwajua watoto kwa majina hayo. Kule Juu Thelma alisoma Kilatini, fizikia na historia. Huku Chini Avril alifundishwa kupika, kufua kola na kupiga taipu. Wakati wa mapumziko dada hao walikuwa wakikutana uzioni, wakipeana biskuti kupitia nyaya. Ikaendelea hivyo muhula mmoja, wa pili. Muhula wa tatu Thelma akaacha kuja. Alikuwa amepata rafiki mwenye farasi.

Thelma akaenda chuo kikuu, akawa mwalimu wa historia, akaolewa, akazaa binti mmoja, Rosalind. Avril akaingia ofisi ya kiwanda akiwa na miaka kumi na mitano. Hakuolewa. Alipata mchumba mara moja, lakini baba akafariki, kisha mama akaanza kusahau njia ya kurudi nyumbani, na mchumba akachoka kungoja. Dada hao hawakugombana. Kila Jumapili Avril alikula kwa Thelma, na aliingilia mlango wa ubavuni kama watu wote, kwa sababu mlango wa mbele wa nyumba ile ulikuwa umevimba kwa unyevu miaka mingi na nyuma yake Thelma alikuwa ameegesha kabati la vitabu.

Serikali ilipofuta mtihani ule, Juu na Chini zikaunganishwa kuwa shule moja ya wote. Mwaka wa 1975 shule hiyo ikatafuta karani wa uandikishaji, na Avril akaipata kazi hiyo. Wiki yake ya kwanza mafundi walikuwa wanang'oa uzio. Aliwatazama kupitia dirisha la ofisi akiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa. Miaka iliyofuata ndiyo aliyoipenda kuliko yote. Mtoto wa daktari na mtoto wa mfagiaji walikuwa wakiandikwa kwenye kitabu kimoja, kwa mwandiko mmoja, na mwandiko huo ulikuwa wake.

Ndipo mwaka wa 1994 Bwana Garside, mwalimu mkuu wa wakati huo, akamwita ofisini. Shule ilikuwa sasa inajisimamia yenyewe, na bodi ilikuwa imekaa na kuamua.

"Tutachagua sehemu ya watoto kwa mtihani, Bi. Pettifer."

"Kwa hiyo mtihani unarudi."

"Si ule. Theluthi moja tu ya nafasi."

"Na hao theluthi mbili tutawaambia nini?"

Bwana Garside alicheka kidogo. "Tutawaambia, 'Karibuni.' Wewe umekuwa hapa muda mrefu kuliko sisi sote, utaupanga vizuri."

Akaupanga. Alizichapa sheria za uandikishaji mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu. Nafasi za mwaka zilikuwa mia na themanini. Sitini ni za waliopata alama za juu katika mtihani. Kumi na nane ni za wenye kipaji cha muziki. Kisha wanafuata wadogo wa wanafunzi waliomo shuleni, na zinazobaki wanapewa wanaokaa karibu, kwa kupima mstari ulionyooka kutoka lango la shule mpaka mlango wa nyumba.

Mji ukabadilika tabia. Watu walihama mtaa kwa ajili ya mita mia mbili. Watoto ambao hawakuwahi kushika hata filimbi walionekana wakiburuta masanduku ya fidla kwenda kwa mwalimu. Baba mmoja alimletea Avril kopo la biskuti, na Avril akamrudishia kwa posta, na risiti akaitunza. Wazazi walimwogopa. Watoto darasani walimpa jina, Bibi Rula, kwa sababu ya ile rula ndefu ya shaba aliyopimia kwenye ramani ukutani. Alilijua jina hilo wala halikumuudhi. Alijiambia kwamba kama mlango lazima uwepo, basi na akae mlangoni mtu asiyependelea.

Thelma alikuwa mjane wakati Rosalind alipoachana na mumewe na kurudi kwa mama yake, akiwa na binti mdogo aitwaye Tamsin. Mtoto huyo alikuwa na maneno mengi na goti lisilopona. Jumapili alikuwa akimkalia Avril mapajani na kumuuliza kwa nini yeye na bibi yake wana pua moja. Avril, ambaye hakuwa na mtoto, alianza kuweka pipi kwenye mkoba.

Vuli ya mwaka 2006 Tamsin akafanya mtihani wa shule. Alikosa kwa alama nne. Muziki hakuwa nao, ndugu shuleni hakuwa naye. Ikabaki umbali.

Kufikia wakati huo kazi ya kupima ilikuwa ya kompyuta. Mwezi wa Januari Avril aliingiza anwani zote, akabonyeza, na orodha ikajipanga. Mtoto wa mwisho kupata nafasi alikuwa wa mita elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Aliyemfuatia, wa kwanza kukosa, alikuwa wa mita elfu moja mia tatu ishirini na tatu. Alikuwa Tamsin.

Avril alizima kioo cha kompyuta, akakiwasha tena. Akaitoa rula na ramani ya zamani kabatini, akapima kwa mkono, na jibu likawa lile lile. Kompyuta ilikuwa imepima mpaka mlango wa mbele. Mlango wa ubavuni ulikuwa karibu zaidi kwa mita kumi na nne, na Avril alikuwa ameupita Jumapili iliyotangulia akiwa amebeba keki. Aliujua ule mlango kama anavyoujua wake. Akairudisha ramani kabatini, akaipeleka orodha kwa mwalimu mkuu mpya, naye akaisaini.

Barua zilitoka tarehe mosi Machi. Alasiri ile ile Thelma alifika ofisini bila kuvua koti.

"Mita kumi na moja, Avril."

"Najua."

"Unajua? Basi nipimie mlango tunaotumia. Ule wa mbele haujafunguka tangu Rosalind yuko shule."

"Sheria inasema mlango wa mbele."

"Sheria inasema mlango wa nyumba. Nimeisoma. Na yule bwana wa Mill Lane mwaka wa tisini na nane ulimpimia wa nyuma, ulinisimulia mwenyewe mezani kwangu."

"Yule mlango wake wa mbele ulikuwa umejengewa ukuta."

"Na wangu umejengewa kabati la vitabu. Kuna tofauti gani?"

Avril alipanga kalamu zilizokuwa zimeshapangika. "Orodha imeshasainiwa. Nikikufungulia wewe, kesho watanijia watu mia."

"Mimi si watu mia. Mimi ni pacha wako."

"Ndiyo maana siwezi."

Thelma alimtazama muda mrefu. Alikuwa mwanamke wa maneno ya taratibu, na hata sasa hakupandisha sauti. "Miaka arobaini na saba umeingoja siku hii," alisema. "Umekaa hapa mlangoni ukingoja nije mimi."

"Usiseme hivyo, Thelma."

"Nimeshasema."

Thelma na Rosalind wakakata rufaa. Jopo lilikuwa la watu watatu, na Avril aliitwa kueleza jinsi vipimo vilivyofanywa. Mwenyekiti alimuuliza kama ni kweli kwamba mlango wa mbele hautumiki. Avril alijibu, "Kwenye ramani upo." Halikuwa jibu la uongo. Thelma alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, mikono juu ya mkoba, na hakumwangalia. Rufaa ikashindwa.

Jumapili iliyofuata Avril alivaa koti lake kama kawaida, akafika mpaka kona ya mtaa wa Thelma, akageuka. Ile iliyofuata hakuvaa koti. Thelma hakupiga simu, naye hakupiga. Kila mmoja aliona kwamba ni zamu ya mwenzake. Tamsin akapelekwa shule ya mji wa pili, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Avril, akipita na gari lake, alikuwa akimwona kituoni asubuhi, mtoto amejikunyata, sketi imelowa. Mara mbili alipunguza mwendo. Hakusimama.

Miaka minane ikapita namna hiyo. Avril alistaafu, shule ikamfanyia tafrija, ikampa saa ya ukutani. Alimtumia Thelma kadi ya mwaliko, na kiti kimoja mstari wa mbele kikabaki kitupu mpaka watu walipokuja kukusanya viti.

Mwaka wa 2015, mwezi wa Oktoba, simu ikalia. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima.

"Bibi Avril? Ni Tamsin. Bibi amepata kiharusi. Mama hataki nikuite, lakini mimi nakuita."

Alimkuta Thelma hospitalini, upande mmoja wa uso umelegea, nywele zimegandamana. Kiharusi kilikuwa kimechukua maneno yake yote na kumwachia moja tu. Akiulizwa kama ana kiu, alijibu, "Kesho." Akiulizwa kama anaumwa, alijibu, "Kesho." Mwalimu wa historia aliyesema mbele ya madarasa miaka thelathini na mitano alikuwa amebaki na neno hilo, na alilisema kwa sauti mbalimbali, mara kwa hasira, mara kwa upole, kana kwamba alikuwa anasema mambo tofauti kabisa.

Avril alikuja kila siku kwa wiki tano. Alimchana nywele, alimlisha mtindi kwa kijiko, alimsomea gazeti. Siku moja walipokuwa peke yao aliweka kitana chini, akamshika mkono ulio mzima.

"Thelma, nisamehe."

Macho ya Thelma yalikuwa wazi, yanamwangalia. "Kesho," alisema.

Avril alingoja. Hakujua kama ni ndiyo au ni hapana, au ni lile neno tu linalotoka lenyewe. Siku iliyofuata akamwomba tena, akajibiwa hivyo hivyo. Thelma alifariki siku ya Alhamisi wakati Avril yuko njiani, amekwama kwenye taa za barabarani, kopo la mtindi kwenye kiti cha pembeni.

Baada ya mazishi watu walirudi nyumbani kwa Thelma kunywa chai. Avril alijiweka jikoni kuosha vikombe, kwa kuwa Rosalind hakuwa amemwambia neno tangu kanisani. Tamsin akamfuata, akachukua kitambaa cha kukaushia. Alikuwa na miaka ishirini, anajifunza ufundi wa lifti, mikono imejaa makovu madogo.

"Nataka kukuuliza jambo, na nataka jibu la kweli," Tamsin alisema. "Ungeweza?"

Avril hakuuliza ungeweza nini. "Ningeweza. Bila kuvunja sheria. Ningeandika mstari mmoja tu kuhusu mlango wa ubavuni, na mwalimu mkuu angeusaini kama alivyosaini mengine."

"Kwa nini hukuandika?"

"Miaka yote nimejiambia nilikuwa natenda haki." Maji yalikuwa yamepoa lakini hakutoa mikono. "Siku ile nilipoona jina lako limeanguka chini ya mstari, kabla sijasikitika, nilifurahi. Kidogo sana, kufumba na kufumbua. Kisha nikasikitika, na masikitiko yalikuwa ya kweli. Lakini nilifurahi kwanza. Bibi yako alipokuja ofisini aliliona jambo hilo usoni mwangu. Hakuna mwingine ambaye angeliona."

Tamsin alikausha kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka. Kutoka sebuleni zilisikika sauti za watu wakiagana.

"Ile shule wala sikuitaka sana," alisema hatimaye. "Kule nilikokwenda nilizoea. Nilikuwa nataka Jumapili zetu. Nilikuwa nakaa dirishani, unajua? Mpaka mama akanikataza."

Avril akainamisha kichwa juu ya beseni, akalia. Tamsin alisimama pale na kitambaa chake. Hakumkumbatia, na hakuondoka.

Tangu hapo msichana huyo humtembelea mara moja kwa mwezi, akipata nafasi. Humletea mkate, humtengenezea bomba linalovuja, humsimulia habari za lifti zilizokwama na watu waliomo ndani. Rosalind hajaja. Jambo lile halitajwi tena kati yao, na Avril, ambaye sasa ana miaka sabini na kitu, hajapata kumuuliza Tamsin kama amemsamehe. Anaogopa namna atakavyojibiwa.